Gitaa la Hawaii: Pima sumaku kabla ya kutaja bei

WAFANYABIASHARA wanaouziwa magitaa ya Hawaii ya zamani, yale yanayolazwa mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma, wanashauriwa kwenda sokoni na rula.

Kwa magitaa ya Rickenbacker ya Marekani, sumaku zenye umbo la kiatu cha farasi hupita juu ya nyuzi. Za kabla ya Vita Kuu ya Pili zina upana wa inchi moja na nusu. Za baadaye ni inchi moja na robo. Wapigaji husifu sauti ya zile pana, na bei yake hupanda.

Gitaa la kwanza la kampuni hiyo, "Frying Pan" la alumini, liliingia sokoni mwaka 1932. La bakelaiti lilifuata mwaka 1935. Alumini hutanuka kwa joto na kupoteza mlio. Bakelaiti hupasuka ikianguka. Nyufa zitafutwe kwenye mwanga.

Muuzaji akidai gitaa ni la 1935, itazamwe namba ya hataza. Hataza ya George Beauchamp, namba 2,089,171, ilitolewa Agosti 1937. Ikiwa imechapwa kwenye gitaa, dai hilo limeanguka.

Risasi mpya inayong'aa kwenye nyaya ni dalili ya vipuri kubadilishwa, na punguzo lidaiwe. Mwenye gitaa naye asilipake rangi upya: wakusanyaji hulipia uhalisi, na rangi mpya hula faida.