Kufufua Mtambo wa Minyororo: Yapasayo Kupimwa Kabla Chama Hakijalipa

Chama cha msingi kinapopata akiba kidogo, hakichelewi kuletewa habari ya mtambo wa zamani unaouzwa kwa bei nafuu. Huwa ni tingatinga lililolala miaka mingi, au gari la minyororo lililowahi kutumika jeshini, na muuzaji husema kwamba kinachokosekana ni betri tu. Kwa vyama vya Bweri, Bunda na Butiama, ambavyo wanachama wake wana mashamba ya kung'oa visiki na malambo ya kuchimba, maneno hayo huvutia. Makala haya yanaeleza namna mtambo kama huo unavyofufuliwa, na kwa nini kuwaka kwa injini si mwisho wa kazi.

FUNDISHO LA KONGWA

Nchi hii ina mfano wake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, kuanzia Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Ilikusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka 1945 na matrekta mapya yalikuwa adimu. Kwa hiyo yakanunuliwa yale yaliyoachwa na majeshi, mengine kutoka mbali kama Ufilipino. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Uingereza nayo ilichukua vifaru vya Kimarekani vya aina ya Sherman, ikaondoa mizinga, ikavigeuza kuwa matrekta. Yakaitwa Shervick, jina lililounganisha Sherman na Vickers.

Mitambo hiyo iliwaka, lakini haikudumu kazini. Kifaru hutengenezwa kwenda kasi na kumkinga askari. Trekta hutengenezwa kuvuta mzigo mzito polepole kutwa nzima. Mitambo mingi iliyonunuliwa ilifika ikiwa imechoka, na vipuri vyake havikupatikana kwa wakati. Udongo wa Kongwa hukauka kiangazi ukawa kama saruji, na mchanga wake mkali ulitafuna vyuma. Waendeshaji hawakupewa muda wa kutosha wa kujifunza. Kabla mwaka 1947 haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala karakana. Mpango uliachwa Januari 1951, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30.

HATUA ZA KUFUFUA

Hatua ya kwanza si ya fundi bali ya katibu. Gari la jeshi halikosi mwenyewe hata likiota nyasi. Lazima kuwe na hati halali ya mauzo. Tena, mtu asiingie wala asikate chuma cha gari lililotoka vitani kabla polisi hawajaarifiwa na wataalamu wa jeshi kulikagua, maana risasi au bomu lililosahauliwa huweza kuua baada ya miaka mingi.

Pili, injini isiwashwe siku hiyo hiyo. Oili ipimwe kwanza: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani. Oili yote imwagwe, chujio libadilishwe. Tangi la dizeli lioshwe, kwa kuwa dizeli ya zamani huacha tope linaloziba pampu na nozeli. Radiata na mipira yake vikaguliwe, pamoja na viota vya panya na nyuki.

Tatu, nozeli zifunguliwe, oili nyepesi kidogo itiwe katika kila silinda na iachwe siku moja au mbili. Kisha injini izungushwe kwa mkono polepole. Ikikataa isilazimishwe kwa kuvutwa na gari jingine. Pistoni zilizoshikwa na kutu zikivutwa kwa nguvu huvunja zaidi.

Nne, siku ya kuwasha, mtu mmoja asimame tayari kukata dizeli na kuziba njia ya hewa, kwa sababu injini iliyolala huweza kukimbia ovyo bila kusikia. Kipimo cha presha ya oili kisipopanda baada ya sekunde chache, injini izimwe mara moja. Ikitulia, ndipo klachi, breki na usukani vijaribiwe.

Tano ni minyororo. Pini, rola na magurudumu ya meno hulika pamoja: meno yaliyochongoka kama msumari yamekwisha. Kwa tingatinga, sehemu hii ya chini hukadiriwa kula kama nusu ya gharama zote za matengenezo. Hapa ndipo bei nafuu huwa ghali.

HESABU YA CHAMA

Kabla ya kulipa, bodi iandike mambo haya: bei ya mtambo, bei ya minyororo na rola, dizeli ya kila saa, ujira wa fundi na mwendeshaji, na gharama ya lori la kuubeba, maana mtambo wa minyororo hautembezwi juu ya lami kutoka Bweri hadi Butiama. Kisha izigawe kwa ekari ambazo wanachama kweli watalipia. Jumla ikizidi gharama ya kukodi, chama kikodi.

Mtambo ujaribiwe shambani, ukivuta mzigo kwa nusu siku, wala si kuzungushwa uani mwa muuzaji. Taarifa ya fundi isomwe mbele ya mkutano mkuu, na mkopo wowote uwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis.

Waliopanga mradi wa Kongwa walihesabu ekari kabla ya kuhesabu vipuri, na hasara yao ikabebwa na hazina ya serikali kubwa. Chama cha msingi hakina hazina ya namna hiyo. Kina pamba, mahindi na hisa za wanachama wake. Katibu aombaye kwanza orodha ya vipuri na mahali vinapopatikana atakuwa amelinda jasho lao.