Ua, Chozi na Mbuni: Majina ya Ndege na Maua ya Mwihoko katika Lugha na Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Msomi wa lugha anaweza kuongeza kwamba kila ndege huishi kwa jina lake. Ndege asiye na jina huonekana kwa macho na kusikika kwa masikio, lakini hawezi kuingia katika methali, kitendawili wala shairi. Hali ni hiyo hiyo kwa maua. Makala haya yanakusudia kueleza baadhi ya ndege na maua ya Mwihoko na viunga vya Ruiru na Thika, kubainisha majina yao ya Kiswahili, na kuonyesha yale ambayo majina hayo humfunza mwanafunzi wa sarufi na wa fasihi.

Mwihoko ni mtaa ulioko katika eneo bunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, mashariki mwa barabara kuu ya Thika. Jina lenyewe ni la Kikikuyu na maana yake ni tumaini. Ni mahali ambapo mji na shamba vimekutana na bado havijaagana: nyumba za ghorofa za kupangisha zimesimama kando ya vishamba vya mahindi na maharagwe. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, mji wa Ruiru ulikuwa na wakazi wapatao 490,000, idadi iliyozidi maradufu ile ya 2009. Mji ukipanuka kwa kasi hiyo, ndege na maua hulazimika kutafuta pengine pa kukaa. Linalopaswa kumshughulisha mwanaKiswahili ni kwamba majina ya viumbe hao nayo hukosa makao. Mwanafunzi aliyelelewa katika mitaa hiyo, akiulizwa ni ndege gani yule anayelia juu ya paa, aghalabu hujibu: "Ni ndege tu."

Ndege na Asili ya Majina Yao

Ndege anayetangulia kusikika asubuhi katika eneo hili ni kwarara. Ni ndege mkubwa mwenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, mng'ao wa kijani katika mabawa, na mdomo mrefu uliopinda kama mundu. Mchana hutembea nyasini akichomeka mdomo ardhini kutafuta minyoo na wadudu. Alfajiri na magharibi huruka wawili au watatu pamoja wakipiga kelele zinazosikika mbali, na jina kwarara linafanana mno na kelele hizo. Hii ni tanakali ya sauti iliyogeuka nomino.

Mwenzake kwa upande huo ni dudumizi, ndege wa vichakani na kandokando ya mito, ambaye ni rahisi kumsikia kuliko kumwona. Sauti yake nzito, du-du-du-du, hushuka mfululizo kama maji yanayomiminwa kutoka katika chombo chenye shingo nyembamba. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu husema kwamba mlio wa dudumizi huashiria mvua. Mwandishi anayetaka kudokeza ujio wa masika katika riwaya yake hahitaji kueleza mawingu kwa aya nzima. Dudumizi mmoja anatosha.

Wako pia ndege wanaojulikana zaidi kwa sura na mwenendo wao. Kwezi wa eneo hili ana mgongo na kifua cha buluu kinachometameta, tumbo la rangi ya kutu, na utepe mweupe unaotenga kifua na tumbo. Si mwoga, na hukaribia watu wanaokula akiokota makombo. Kuzumburu ana mkia mrefu na hupenda kuning'inia matawini akila matunda, machipukizi na majani, jambo linalomfanya asipendwe na wenye bustani. Mnana dume ni wa manjano, na sifa yake ni ufundi. Hufuma kiota kwa nyuzi za nyasi alizozichana mwenyewe, kisha jike huja kukikagua. Katika baadhi ya jamii za mnana, kiota kisichompendeza jike hubomolewa na dume mwenyewe, naye akaanza upya. Mwanafunzi wa fasihi anayefahamu jambo hili amepata jazanda iliyo tayari kuhusu mtunzi na mhakiki.

Maua ya Ruiru na Thika

Ua lililoipa Thika jina duniani ni la mti uitwao kwa Kiswahili kifabakazi. Mnamo 1959 Elspeth Huxley, aliyefika Thika akiwa mtoto pamoja na wazazi wake walowezi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alichapisha kitabu chake The Flame Trees of Thika. Miti anayoitaja katika anwani ni vifabakazi. Maua yake ni makubwa, mekundu yenye ukingo wa manjano, nayo hutazama juu kama vikombe. Machipukizi yake hujaa maji, na watoto huyabinya ili kurushiana. Asili ya mti huu ni Afrika ya kitropiki, lakini umepandwa kwingi duniani kwa ajili ya uzuri wake, na katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki umegeuka gugu sugu. Basi ua la Afrika lilipata umaarufu kwa jina la Kiingereza, ilhali jina la Kiswahili halifahamiki hata kwa wasomaji wengi wanaoishi chini ya kivuli chake.

Mti wa pili ni mwamba-ngoma, ambao Wakikuyu huuita muhuti. Maua yake mekundu yanayokaribia rangi ya chungwa hutokea mara nyingi wakati matawi hayana majani, hivyo mti mzima huonekana kama uliowashwa moto. Mbao zake nyepesi hufaa kwa kuchongea ngoma. Jina hilo linamkumbusha kila mwanafunzi methali: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kuwamba ngoma ni kuivuta ngozi juu ya mzinga hadi ikaze. Hapa ufundi, mti na hekima ya wahenga vinakutana katika neno moja.

Ua la tatu ni la mbuni, yaani mti wa kahawa. Majina ya mitaa jirani kama vile Kahawa Sukari na Kahawa Wendani yanaikumbusha historia ya zao hili, na karibu na Ruiru ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kahawa kilichotoa aina ya Ruiru 11 mnamo 1985. Wengi huisifu kahawa kikombeni bila kuliona ua lake. Ni jeupe, dogo, lenye harufu inayokaribia ile ya asumini. Vitumba husubiri kiangazi chote. Mvua ikinyesha, baada ya siku kama kumi shamba zima huchanua kwa pamoja, kisha baada ya siku chache weupe huo hutoweka.

Ua na Ndege Wanavyotegemeana

Uzuri wa ndege na maua si pambo tu. Una kazi. Mfano bora ni chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayefyonza maji matamu ya maua. Hupenda sana maua ya mwamba-ngoma na ya mshubiri. Maua yanayotegemea ndege kwa kawaida huwa mekundu au ya rangi ya chungwa, hubeba maji matamu kwa wingi, na huwa na harufu haba. Nyuki hawaoni vyema rangi nyekundu, bali ndege huiona kwa mbali. Chozi anapoingiza mdomo, chavua humganda kichwani naye huipeleka kwenye ua jingine. Ua la mbuni, kinyume chake, ni jeupe na lenye harufu, na wageni wake wakuu ni nyuki.

Rangi ya chozi dume nayo ina siri yake. Mng'ao ule wa kijani au zambarau hautokani na rangi iliyotiwa ndani ya unyoya kama wino. Hutokana na jinsi tabaka nyembamba za unyoya zinavyourudisha mwanga. Ndiyo maana ndege yule yule huonekana mweusi kivulini na kung'aa juani.

Kuhusu mapambo ya dume, utafiti mashuhuri ulifanyika papa hapa Kenya, katika uwanda wa Kinangop. Malte Andersson, mtaalamu kutoka Uswidi, alishughulikia ndege mweusi wa jamii ya kweche ambaye dume lake huwa na mkia unaofikia takriban nusu mita. Aliwafupisha baadhi ya madume mikia na kuwarefusha wengine kwa gundi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1982 katika jarida la Nature yalionyesha kwamba madume waliorefushwa mikia walipata majike wengi zaidi waliojenga viota katika maeneo yao. Wahenga walijua kwamba kizuri chajiuza. Andersson alikipima.

Jina Moja, Ngeli Mbili

Kwa mwanafunzi wa sarufi, majina haya ni hazina. Neno chozi lina maana ya ndege na pia ya tone litokalo jichoni. Kinachotenganisha maana hizo ni upatanisho wa kisarufi. Chozi ametua juu ya mshubiri: huyo ni ndege, wa ngeli ya A-WA. Chozi limetua shavuni: hilo ni la jicho, katika ngeli ya LI-YA. Katika wingi, ndege hubaki chozi na matone huwa machozi.

Neno kanga hufuata njia hiyo hiyo. Kanga ametaga, lakini kanga imechanika. Inaaminika kwamba vazi hilo lilipewa jina la ndege kwa sababu ya madoadoa ya vitambaa vya awali yaliyofanana na manyoya yake.

Neno mbuni linatatiza zaidi. Mbuni umechanua ni mti, na wingi wake ni mibuni. Mbuni amekimbia chaweza kuwa ndege mkubwa asiyeruka, au mtu anayebuni. Hapa ngeli haitoshi katika umoja, kwa kuwa wote wawili ni wa A-WA. Wingi ndio unaoamua: mbuni wamekimbia ni ndege, wabuni wamekimbia ni watu.

Hatimaye kuna neno ua. Ua limechanua katika ngeli ya LI-YA. Ua umejengwa katika ngeli ya U-ZI, na wingi wake ni nyua. Tena lipo tendo la kuua. Katika Mwihoko maana hizi tatu zimekutana ardhini: mashamba yenye maua yamekatwakatwa kuwa viwanja, na ua limeuawa ili ua ujengwe.

Nafasi Yake katika Fasihi

Fasihi ya Kiswahili imewatumia ndege na maua tangu zamani. Chiriku ni msemaji asiyenyamaza, bundi ni mleta nuksi, tausi ni mrembo, ninga ni mpenzi. Methali husema kwamba kanga hazai ugenini na kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Katika maandishi ya karibuni, Kithaka wa Mberia aliita tamthilia yake Maua kwenye Jua la Asubuhi (2004), naye Assumpta Matei akaita riwaya yake Chozi la Heri, iliyopata kutahiniwa katika shule za upili za Kenya.

Hata hivyo, bustani ya ushairi wetu ni ya pwani: asumini, kilua, mkadi, mlangilangi na waridi. Maua hayo yanastahili heshima yake. Tatizo huzuka mwandishi wa bara anapoyahamishia katika mandhari asiyoyaona yakimea. Mhusika anayepita Ruiru baada ya mvua akinusa asumini, ilhali mbele yake pana mibuni iliyochanua, ameandikwa kwa kumbukumbu za vitabu. Taswira hupoteza ukweli wake, na msomaji wa Mwihoko huendelea kudhani kwamba fasihi ni jambo la kwingine.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani na hakiwezi kubeba viumbe vya nyanda za juu. Hoja hiyo haina mashiko. Majina mengi yapo, kama ilivyoonyeshwa. Pale yanapokosekana, kukopa si aibu. Waridi lilitoka katika Kiarabu na leo hakuna anayeliuliza pasipoti. Muhuti nao waweza kuingia kutoka Kikikuyu na kuketi kando ya mwamba-ngoma.

Hitimisho

Kamusi zetu mara nyingi hutosheka kumweleza ndege kuwa ni "aina ya ndege" na ua kuwa ni "aina ya ua". Ufafanuzi wa namna hiyo humwacha mwanafunzi alipokuwa. Kazi ya kuujazia pengo hilo si ya wanaleksikografia peke yao. Vyama vya Kiswahili vyuoni vyaweza kukusanya majina haya kutoka kwa wazee, wakulima na wavuvi, kuyaambatanisha na picha na maelezo ya sura, sauti na makazi, na kuyahakiki pamoja na wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wa jumuiya ya elimu ya viumbe vya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1909. Orodha ya ndege hamsini na maua hamsini, ikikusanywa kwa uangalifu, ingemfaa mwalimu, mfasiri na mtunzi kwa miaka mingi.

Kazi hiyo ina haraka. Mibuni inapong'olewa, ua lake huondoka siku hiyo hiyo, na jina lake hufuata kizazi kimoja baadaye, wakati ambapo hakuna tena mtoto wa kuuliza kile ni nini. Kwa sasa kwarara bado analia juu ya mapaa ya Mwihoko kila alfajiri, na dudumizi bado yumo vichakani. Wanaoweza kuwataja kwa majina bado wapo pia, nao ndio wa kuanza kuulizwa.