Zell am See: Mambo ya Kupanga Kabla ya Safari

Mji wa Zell am See nchini Austria uko ukingoni mwa ziwa, chini ya milima ya Alps. Familia nyingi za Ghuba huukimbilia kuepuka joto la kiangazi. Familia inayokusudia kuwafuata na itazame sheria kabla ya mandhari.

Tangu Oktoba 1, 2017, Austria imepiga marufuku kufunika uso hadharani. Anayekiuka hutozwa faini ya hadi euro 150. Hijabu inayoacha uso wazi haiguswi na sheria hiyo. Mama anayevaa nikabu asije akaambiwa hayo uwanjani. Mume na mke washauriane nyumbani. Ikiwa mama haridhiki, ichaguliwe nchi nyingine.

Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala yasibaki chini ya siku 15. Mwezi Juni jua huzama karibu na saa 3 usiku, Isha ikachelewa na Alfajiri ikawahi mno. Matembezi yapangwe kwa kufuata swala. Watoto wabebewe masweta, kwani mlima Kitzsteinhorn, wenye mita 3,203, huwa na theluji hata kiangazi.

Safari ya familia ni ile ambayo kila mmoja ameiridhia kabla ya tiketi kukatwa.