Jinsi ya Kuchagua Kamera Ndogo

Mhariri ameniomba niwaeleze jinsi mtu anavyoweza kuchagua kamera ndogo ya dijitali, ile iwezayo kukaa mfukoni na kutumika kila siku. Nimekubali kwa furaha, na kwa haya kidogo pia, kwani mengi niliyoyajua katika jambo hili nimeyajua baada ya kukosea.

Mwaka juzi wanafunzi wa zamani walikichangia Chama chetu cha Picha fedha za kununua kamera. Mimi na mwenzangu mmoja tulitumwa Kampala. Dukani tulionyeshwa kamera mbili. Sanduku la kwanza liliandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: megapikseli 20. La pili liliandikwa 12 tu. Hatukuuliza neno. Tulichukua ile ya 20, tukarudi shuleni kama watu waliorudi na ngao ya mpira.

Mchana, uwanjani, kamera ile haikutuaibisha. Lakini katika muhula wa tatu mpishi wetu mzee, ambaye sote tulimwita Babu, aliagwa baada ya kutupikia posho na maharagwe kwa miaka mingi. Sherehe ilikuwa bwaloni, yapata saa moja ya jioni, chini ya taa mbili hafifu. Nilipiga picha kumi na sita. Nyingine zilitikisika, nyingine zilijaa chenga kama televisheni isiyoshika mawimbi vizuri, na zile nilizotumia taa ya kamera zilimfanya Babu aonekane kama aliyepakwa unga.

Miezi mitano baadaye Babu alifariki dunia. Mwanawe alikuja shuleni kuomba picha ya baba yake ya kuweka karibu na jeneza. Nilimpa iliyo bora kuliko nyingine zote, nayo sura haikutambulika vema. Aliishika kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwanangu." Shukrani ile iliniuma kuliko fimbo. Siku hiyo nilimwendea mwalimu wetu wa fizikia nikamwomba anieleze tulikosea wapi.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni hili: megapikseli ni hesabu ya vidoto vinavyofanya picha, wala si kipimo cha uzuri wake. Megapikseli moja ni vidoto milioni moja. Steven Sasson, mhandisi wa Kodak huko Marekani, alipounda kamera ya dijitali mwaka 1975, picha yake ilikuwa na vidoto 10,000 tu, na kuiandika katika kanda ya kaseti kulichukua sekunde 23. Wakati huo kuongeza vidoto kulikuwa faida kubwa. Lakini leo je? Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15, iliyochapishwa vizuri, inahitaji megapikseli zipatazo mbili tu, na ukurasa mzima wa karatasi ya A4 unahitaji kama tisa. Basi ile kamera ya 12 tuliyoidharau ingetutosha kwa gazeti hili na kubakiza.

Jambo la pili, nalo ndilo kubwa, ni kihisi. Hiki ni kibamba kidogo kilichomo ndani ya kamera, mahali palipokuwa pa filamu zamani, ambacho hupokea mwanga. Tuseme mvua inanyesha nawe wataka kukinga maji. Ukiwa na ua mdogo, waweza kupanga humo masufuria kumi au vikombe mia, lakini maji yaangukayo uani ni yale yale, na kila kikombe kitapata tone dogo. Mwanga ndio mvua, kihisi ndicho ua, na vidoto ndivyo vyombo. Mchana ni mvua ya masika, hata kikombe hujaa. Jioni bwaloni ni manyunyu, na hapo mwenye ua mkubwa ndiye apataye maji.

Kamera ndogo nyingi za bei nafuu zina kihisi cha upana wa milimita 6.2 na urefu wa 4.6 hivi. Mwaka 2012 Sony walitoa RX100, kamera ya kuingia mfukoni yenye kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8. Zidisha mwenyewe, utaona kwamba eneo lake ni kama mara nne. Canon nao walifuata kwa G7 X mwaka 2014, yenye kihisi cha ukubwa huo huo. Watengenezaji wenyewe walijua kwamba namba kubwa si kila kitu. Kamera ya Canon iitwayo G10, ya mwaka 2008, ilikuwa na megapikseli 14.7. Iliyoifuata mwaka 2009, G11, ilipunguzwa ikawa na 10, kihisi kikiwa cha ukubwa ule ule, ili ifanye kazi vizuri zaidi penye mwanga mdogo.

Jambo la tatu ni lenzi. Pembeni mwa lenzi pameandikwa namba pamoja na herufi f, na namba hiyo huonyesha tundu la kupitishia mwanga. Hapa mkumbuke kwamba mambo yamegeuka: namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara nne ya ile ya f/3.5. Pia msidanganyike na maneno ya kuvuta vitu vya mbali. Kuvuta kwa lenzi yenyewe ni kuvuta kweli, bali kuvuta kwa dijitali ni kukata kipande cha picha na kukikuza, jambo ambalo mwaweza kulifanya baadaye kwa kompyuta bila gharama yoyote.

Yako na madogo yasiyopasa kusahauliwa. Je, betri yake yapatikana madukani, au ikifa ndiyo mwisho wa kamera? Je, inatumia kadi ya kawaida? Je, ukibonyeza kitufe hupiga papo hapo, au hungoja mpaka mtu amekwisha funga macho? Na zaidi ya yote, je, yaingia mfukoni? Kamera nzuri iliyoachwa sandukuni kwa sababu ya uzito haitapiga picha hata moja.

Huenda ndugu zetu waliokwisha maliza shule watauliza: "Kwa nini msitumie simu?" Neno lao ni kweli, kwani simu nzuri za siku hizi hupiga picha safi sana, na mwenye nayo pengine hahitaji kamera kabisa. Lakini sisi shuleni haturuhusiwi kuwa na simu, na kamera ya chama yaweza kupita mikononi mwa wanafunzi thelathini bila kubeba barua za mtu.

Mwaka jana tulikwenda mjini tena, safari hii na kadi yetu wenyewe mfukoni. Kila kamera tuliyoonyeshwa tuliitia kadi hiyo, tukazima taa yake, tukapiga picha ya mwenzangu akiwa amesimama pembeni penye giza nyuma ya makabati. Kisha tuliikuza picha kiooni tukatazama macho yake. Muuzaji alicheka, lakini alitungojea. Hatimaye tulichukua kamera iliyokwisha tumika, yenye kihisi kikubwa na lenzi ya f/1.8, baada ya kuhakikisha kwamba lenzi yatoka na kurudi bila kukwama na kwamba hakuna vumbi ndani ya kioo. Mnaonunua vitu vilivyotumika, fanyeni vivyo hivyo, tena msione haya.

Sasa kila muhula tunawapiga picha watu wote wa shule: mlinzi wa lango, mama wa zahanati, wapishi, fundi wa bomba. Tunazichapisha kwenye karatasi, tunaandika majina na tarehe nyuma, na kuziweka katika albamu iliyomo maktabani. Bwaloni, chini ya taa zile zile mbili, nyuso zaonekana.

Nina ombi moja kwenu wanafunzi wa zamani. Kama kuna mmoja wenu aliyepata kumpiga Babu picha, iwe ya filamu au ya dijitali, hata kama amesimama nyuma ya kundi na sufuria lake, tafadhali ipelekeni kwa mhariri. Chama kitaichapisha, nami mwenyewe nitaipeleka kwa mwanawe.