Kiinua mgongo kinapoyeyuka: fundisho kutoka Lebanon

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tuitazame haki ya mfanyakazi pale sarafu inapoporomoka, kwa kuzingatia yaliyowafika wenzetu wa Lebanon.

Tangu mwaka 1997 dola moja ya Marekani ilibadilishwa huko kwa pauni 1,507 na ushei. Mwishoni mwa 2019 benki zikaanza kuwazuilia watu akiba zao, na pauni ikaanguka. Ilipotulia mwaka 2023, dola moja ilikuwa imefika kiasi cha pauni 89,500.

Kiinua mgongo cha Lebanon kimejengwa juu ya mshahara wa mwisho: mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi, na aliyetimiza miaka 20 anaweza kukichukua. Tuchukue mfano wa mtu mwenye mshahara wa pauni 1,500,000. Kwa miaka 20 anastahiki pauni 30,000,000. Zamani hizo zilikuwa kama dola 19,900. Kwa kiwango cha 89,500 ni dola 335 tu. Tarakimu ni ile ile, lakini nyumba imekuwa gunia la unga.

Je, achukue au asubiri? Kuchukua si upungufu wa kumtegemea Mola, na kusubiri si ujinga. Ashauriane na ahali zake, kwani mshahara ulioandikishwa ukipanda, haki yake nayo hupanda.

Hapa ndipo penye dhulma. Wapo waajiri waliolipa sehemu ya mshahara kwa dola mkononi, huku kwenye daftari la Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wakiacha pauni chache zile zile. Mwajiri wa namna hii ajipime kwa Suratul Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, basi vipi kwa jasho la miaka 20?

Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililokutana Kuwait mwaka 1988, liliamua kuwa deni hulipwa kwa mfano wake, si kwa thamani yake. Lakini katika kikao cha Brunei mwaka 1993 liliruhusu mkataba wa kazi uwe na sharti la kupandisha ujira kufuatana na bei. Maana yake, kinga hutengenezwa mapema, kabla ujira haujageuka deni. Na mwajiri mwenye uwezo akiongeza kwa hiari yake wakati wa kulipa, bila ya kushurutishwa, huo ni ihsani.

Basi, ewe baba, ewe mama, usingoje siku ya kustaafu. Uliza leo: ni mshahara gani ulioandikwa kwa jina langu?

Wallahu a'lam.