Sentensi za masharti za Kiingereza: neno moja laweza kubadili ahadi

Wazungumzaji wa Kiswahili nchini Rwanda na Burundi hukutana na Kiingereza mara kwa mara wanapofanya biashara na nchi jirani. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kukitumia kufundishia shuleni, na mwaka 2014 Burundi ilikitambua kisheria kuwa lugha rasmi.

Katika hati za biashara, sentensi za masharti ndizo zinazoeleza nani atamlipa nani, na kwa sharti gani. Hapo ndipo mazoea ya Kiswahili yanapoweza kumpotosha msomaji.

Chanzo cha kwanza ni kiambishi -ki-. Mtu asemapo "Mzigo ukifika, nitakulipa," huenda ana hakika kwamba utafika, au ana shaka. Kiswahili huyaachia mazungumzo yaamue, lakini Kiingereza humlazimisha msemaji kuchagua. "When the goods arrive" hutaja wakati tu, kwani kufika kwa mzigo kunatarajiwa. "If the goods arrive" huweka sharti: usipofika, ahadi ya kulipa haipo. Muuzaji asiyeitambua tofauti hiyo aweza kujikuta akibeba hasara ya mzigo uliopotea njiani.

Chanzo cha pili ni wakati wa kitenzi. Katika "If I had money, I would pay you," kitenzi kina umbo la wakati uliopita, ilhali habari ni ya leo: "Ningekuwa na fedha, ningekulipa." Umbo hilo laonyesha kwamba jambo liko mbali na uhalisi; msemaji hana fedha. Nafasi ikiwa imekwisha kupita, Kiingereza husema "If I had had money, I would have paid you," yaani "Ningalikuwa na fedha, ningalikulipa."

Aidha, Kiswahili huweka -nge- pande zote mbili za sentensi. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi huandika "would" mara mbili, ilhali Kiingereza sanifu hulitumia kwa kawaida upande wa matokeo pekee.

Neno "unless" nalo lahitaji uangalifu, kwa kuwa limebeba ukanushi ndani yake. "The goods will not be released unless duty is paid" maana yake ni kwamba mzigo hautatolewa ushuru usipolipwa. Anayelisoma kama "ikiwa" hupata maana iliyo kinyume kabisa.

Kabla ya kutia saini, yafaa msomaji aieleze upya kila sentensi ya namna hiyo kwa Kiswahili kisicho na utata: je, imeandikwa "mzigo utakapofika," au "iwapo mzigo utafika"? Akishindwa kutofautisha, ni heri aulize kwanza.