Likizo ya Askari: Kutoka Koboko Hadi Maji ya Moto ya Panyimur

Askari apatapo likizo, mara nyingi hufunga virago na kushika njia ya nyumbani bila ya kutazama kushoto wala kulia. Si vibaya. Lakini ndugu zetu wanaolinda mipaka ya Koboko na Arua wamo katika nchi yenye mambo ambayo watu wengine huvuka bahari kwenda kuyatafuta. Kisiwani Hokkaido, kaskazini ya Japani, wageni humiminika kila mwaka kutazama mashamba ya maua, maziwa na chemchemi za maji ya moto. Mji mmoja wa chemchemi hizo, Noboribetsu, ulitumiwa kuwauguzia askari waliojeruhiwa katika vita vya Japani na Urusi vya mwaka 1904 hadi 1905.

Nasi tunayo yetu. Barabara ya lami itokayo Koboko hupita nchi ya Maracha hadi Arua, na mvua zikisha kushika, ufuta huchanua maua meupe yenye wekundu hafifu pande zote mbili. Tumbaku, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa zao la fedha la West Nile, ina ua zuri la rangi ya waridi. Ila mkulima hulikata mapema ili nguvu ya mche irudi majanini. Atakaye kuliona sharti awahi. Huko Furano, Hokkaido, lavenda ililimwa kwa ajili ya manukato tu, na soko lilipoanguka katika miaka ya 1970 wengi waliing'oa. Picha ya shamba lililosalia, iliyotiwa katika kalenda ya shirika la reli mwaka 1976, ndiyo iliyowaleta watalii. Ufuta wa Koboko bado unamngoja mpiga picha wake.

Kutoka Arua njia huteremka hadi Pakwach, na joto huongezeka kadiri unavyoukaribia mto. Kaskazini ya hapo, ukingoni mwa Nile, ndiko Wadelai, alikoweka makao Emin Pasha pamoja na askari wake wa Kisudani katika miaka ya 1880. Meli zake mbili, Khedive na Nyanza, zilipanda mto hadi Ziwa Albert. Wengi wa Wanubi waliomo nchini leo ni wajukuu wa askari wale.

Ukielekea kusini utafika Panyimur, mahali Nile inapotoka ziwani. Ziwa lina urefu wa yapata kilomita 160, na sehemu yake moja imo Kongo. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa hububujika chemchemi za Amoropii. Hapa hakuna volkano kama Japani: maji ya mvua huzama katika nyufa za ardhi, hupata moto kilindini, kisha hurudi juu. Hayachemki kama yale ya Sempaya, Bundibugyo, ambako watu huchemshia mayai, lakini yaweza kuunguza ngozi. Pima kwa uangalifu kabla ya kutia mguu. Serikali imekwisha kupachunguza mahali hapo kwa ajili ya umeme.

Sasa neno ambalo mwenye kusifu mandhari hupenda kulificha. Fukwe za Ziwa Albert ni makao ya kichocho cha tumbo. Konokono wadogo wakaao majanini kando ya maji hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu. Miaka ikipita ini huharibika, na mgonjwa aweza kutapika damu. Kichocho hakitazami cheo. Kuruta na ofisa ni mamoja.

Basi, ndugu askari, ziwa litazame ukiwa juu ya mtumbwi au mchangani. Ukitaka kuoga, tumia maji yaliyochotwa na kukaa chomboni siku mbili kamili, au yaliyochemshwa. Na kama ulikwisha kuingia ziwani, jana au mwaka jana, usingoje damu ionekane chooni. Miezi miwili baada ya kuingia majini, nenda zahanati ukapimwe choo, ukamwambie mganga waziwazi kwamba ulioga Ziwa Albert. Dawa yake, prazikwanteli, ni vidonge vinavyotolewa kwa kadiri ya uzito wa mtu, na kwa kawaida humezwa siku moja.